Faini ya treni ya Uingereza, na barua iliyoandikwa Kondele

Mtu akipigwa faini asiyostahili, jambo la kwanza analofanya ni kulia shida. Nimeliona hilo tangu nifungue saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kondele, Kisumu. Anaingia mama, anaketi, anatoa karatasi mkobani, anaanza kunisomea anachotaka nichape: kwamba yeye ni mjane, kwamba karo imemlemea, kwamba mwaka huu mvua iliharibu shamba, tafadhali mheshimiwa mnihurumie. Namwacha amalize. Halafu namuuliza: mama, hili kosa wanalosema ulifanya, ulilifanya? Ananijibu kwa ukali kidogo kwamba hakulifanya. Sasa mbona ukurasa mzima hausemi hivyo?

Swali hilo hilo ndilo nililomuuliza binti wa kaka yangu, ambaye yuko Uingereza akisomea uuguzi, aliponipigia simu kuhusu faini ya treni. Alikuwa amekwisha kukata rufaa mwenyewe na rufaa imekataliwa. Ameniruhusu nisimulie yote, kwa sharti nisiitaje kampuni ya treni wala stesheni, nami nimekubali. Naandika kwa sababu wazazi wengi wa Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega wana watoto huko, na karatasi kama ile ikiingia mkononi watu hushikwa na hofu, wakalipa kitu ambacho hawakustahili kudaiwa.

Ilikuwa Jumamosi, giza bado halijaisha. Wanafunzi wa uuguzi hupelekwa hospitalini kufanya mazoezi ya kazi, na hospitali aliyopangiwa iko mji mwingine. Stesheni anayopandia ni ndogo mno. Ina jukwaa, kibanda cha kujikinga mvua, na mashine moja ya kuuza tiketi. Karani hakuna, dirisha hakuna. Asubuhi hiyo mashine ilikuwa imezima. Aligusa skrini, akabonyeza kila kilichoweza kubonyezwa, haikuwaka. Treni ilikuwa inaingia, na ya baadaye ingemchelewesha kazini. Akatoa simu, akaipiga mashine picha, akapanda.

Njiani hakupita mtu wa kukagua wala wa kuuza tiketi. Aliposhuka kwenye stesheni kubwa yenye mageti, alimwendea mfanyakazi wa kwanza aliyemwona akamwambia anataka kulipa nauli, kwa kuwa mashine ya kule alikotoka ni mbovu. Huyo akamwita mkaguzi. Mkaguzi akamuuliza mbona hakununua kwa simu. Binti akasema hana programu ya tiketi kwenye simu yake. Mkaguzi akaandika. Pauni 100, na juu yake nauli ya safari, pauni 6 na peni 40. Kwa pesa zetu hiyo mia peke yake ni zaidi ya shilingi 16,000. Na kwenye karatasi palikuwa na yale maneno yanayomfanya mtu atoe pesa haraka: ukilipa ndani ya siku 21, mia inapungua na kuwa hamsini.

Niliomba anitumie barua ya rufaa aliyokuwa ameandika. Nilipoisoma nilisikia uchungu, kwa sababu nilimsikia kaka yangu ndani yake, na baba yetu, na sisi sote tulivyofundishwa kuzungumza na mtu mwenye kofia ya kazi. Aya ya kwanza inasema anasikitika sana. Ya pili inasema yeye ni mgeni katika nchi ile na hajazoea utaratibu. Ya tatu inasema ni mwanafunzi, hana kipato, wazazi wake ni watu wa kawaida. Ya nne inaahidi kwamba jambo hilo halitatokea tena. Mashine imetajwa mara moja, karibu na sahihi, katika nusu sentensi. Picha hakuiambatanisha. Aliniambia aliona kama angeonekana mbishi.

Walimjibu kwamba ni wajibu wa abiria kununua tiketi kabla ya kupanda, na kwamba hakuleta sababu inayotosha kufuta faini. Mimi siwalaumu sana waliosoma barua ile. Walisoma barua ya mtu anayekiri. Mgeni, hajui utaratibu, hatarudia: wangeelewa nini kingine?

Basi nikakaa na zile kanuni usiku, saiba ikiwa imefungwa. Ziko wazi kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuzisoma, na Kiingereza chake si kigumu kuliko kile cha fomu zetu za ardhi. Faini ya namna hii huko England inaongozwa na kanuni za mwaka 2018. Kiwango cha pauni 100 kilianza tarehe 23 Januari 2023. Kabla ya hapo ilikuwa pauni 20 au nauli mara mbili, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Wengi waliokwenda huko zamani bado wanaikumbuka ile ishirini, ndiyo maana wanawashauri vijana walipe tu waendelee na maisha. Siyo ishirini tena.

Kitu kikubwa nilichokipata ni hiki. Kanuni zenyewe zinataja hali ambazo faini haifai kutozwa kabisa. Mojawapo ni kwamba katika stesheni ulikopandia, wakati ule ulipopanda, hapakuwa na njia yoyote inayofanya kazi ya kuuza tiketi uliyohitaji. Nyingine ni kama hapakuwa na mabango ya kuonya kuhusu faini, au kama mfanyakazi mwenye mamlaka alikuruhusu kupanda bila tiketi. Jambo hilo la kwanza ndilo lililomtokea mpwa wangu, neno kwa neno. Haikuwa lazima aombe kuhurumiwa. Faini ilikuwa imeandikwa pahali ambapo kanuni inasema isiandikwe.

Kuhusu lile swali la mkaguzi, kwa nini hukununua kwa simu, nilirudi kulisoma mara kadhaa kwa sababu lilinisumbua. Kanuni inauliza palikuwa na nini pale stesheni. Haiulizi abiria ana simu ya aina gani, ina bando au haina, ina chaji au haina. Mkaguzi alihamisha mzigo kutoka kwa kampuni, ambayo kazi yake ni kuhakikisha mashine inawaka, akamtwika binti wa miaka ishirini na kitu anayekimbilia zamu. Na yeye akaubeba, kwa sababu aliyekuwa akiongea alivaa sare.

Rufaa zenyewe ziko za hatua 3. Ya kwanza unaipeleka ndani ya siku 21 tangu uandikiwe. Ikikataliwa, una siku 14 za kupeleka ya pili. Hiyo nayo ikikataliwa, una siku 14 nyingine za kwenda mbele ya jopo la watu 3 ambao hawakuhusika na maamuzi ya mwanzo. Wanaoamua si kampuni ya treni. Ni chombo ambacho sheria inakitaka kiwe huru. Na ule muda wa kulipa nusu husimama wakati rufaa inashughulikiwa, kwa hiyo mtu haadhibiwi kwa kuthubutu kuuliza. Hili la mwisho ningependa kila mzazi alijue, maana ile nusu bei ndiyo inayowafanya wenye haki wasalimu amri siku ya pili. Wanaona bora kupoteza hamsini kuliko kucheza kamari na mia. Hakuna kamari hapo.

Wakati huo kaka yangu huko Muhoroni alikuwa hajalala. Kwenye kundi la familia la WhatsApp alikuwa ameandika kwamba pesa zitatafutwa, zilipwe, mtoto asije akafutiwa viza. Wajomba wakaunga mkono. Mmoja akasema usishindane na Mzungu kwake. Nilimpigia kaka badala ya kujibu kundini, maana mambo mengine ukiyasema mbele ya wajomba yanageuka mashindano. Nikamweleza kwamba faini hii si hukumu ya korti. Haimwiti mtoto mwizi. Ni malipo yanayodaiwa na reli, na yana njia yake halali ya kupingwa, na mtu anayetumia njia ambayo sheria imemwekea hafanyi ukorofi wowote.

Lakini nilimwambia na upande wa pili, kwa sababu sitaki mtu asome hapa nusu tu. Karatasi ile ukiitia kwenye droo ukajifanya hukuiona, hapo ndipo hatari ilipo. Unaweza kudaiwa kama mwenye deni, na gharama zikaongezwa juu yake, au kampuni ikaifuta faini na kuamua kukupeleka kortini. Na kortini kuna sheria nyingine, ya mwaka 1889, inayohusu anayesafiri kwa nia ya kukwepa nauli. Hiyo ni jinai kamili, na inaweza kufika hadi kifungo. Nilipoiona ile tarehe nilikaa kimya kidogo. Mwaka 1889 reli yetu ilikuwa haijaanza kujengwa Mombasa. Ilianza 1896, ikafika hapa ziwani Desemba 1901, wakati Kisumu ikiitwa Port Florence. Sheria iliyokuwepo kabla ya chuma cha kwanza kulazwa nchini mwetu bado inawahukumu watoto wetu huko. Basi kimya si kinga. Jibu, na jibu ndani ya siku zilizowekwa.

Hapa naomba niseme habari za baba, kwa sababu ndiye aliyenifanya nisikubali.

Marehemu baba alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya Nairobi na Kisumu, tangu enzi za reli ya Afrika Mashariki kabla haijavunjika mwaka 1977, na akaendelea chini ya ile ya Kenya. Sisi tulilelewa Nakuru kwenye nyumba za reli. Tiketi za wakati huo zilikuwa vipande vidogo vya kadi ngumu, nene, zinazotosha kiganjani mwa mtoto, na baba alikuwa na koleo ya chuma ya kuzitoboa. Alipokuwa nyumbani tulimwomba atuonyeshe. Alishika tiketi kwa mkono wa kushoto, akasoma kwanza jina la stesheni ya kutoka, kisha ya kwenda, ndipo akatoboa pembeni, mahali ambapo tundu halikugusa herufi yoyote. Hakutoboa kamwe kabla ya kusoma. Alisema tiketi ni maneno ya abiria, na mtu haukati usemi wa mwenzake kabla hajamsikia.

Ile njia ya kuteremka kutoka Molo, kupita Londiani na Fort Ternan hadi Muhoroni, Chemelil, Kibigori na Miwani, aliijua kwa moyo, na alijua pia ni dirisha lipi la tiketi huwa limefungwa treni ikipita usiku. Abiria aliyepanda kwenye stesheni ya namna hiyo alikuwa haadhibiwi na baba. Alitoa kitabu cha risiti, akamwandikia nauli ya kutoka pale alipopanda, akamrudishia chenji. Aliyemkuta amejifungia chooni kila akisikia hatua zake, huyo alikuwa na kesi nyingine, na baba hakuwa na huruma naye hata kidogo. Nilimsikia akibishana na mkaguzi mwenzake sebuleni kwetu juu ya jambo hilo. Mwenzake alishikilia kwamba asiye na tiketi ni asiye na tiketi, yote ni mamoja. Baba alishikilia kwamba reli iliyofunga dirisha ndiyo iliyokosa kwanza, na haiwezi kumtoza abiria kosa lake yenyewe.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kutenganisha asiyeweza kununua na asiyetaka kununua ni mambo ya mawakili wa Ulaya. Mkaguzi wa Nakuru alikuwa akitenganisha hao wawili kwa taa ya mkono, gari likiyumba kwenye kona za Londiani.

Sasa barua. Nilimwambia mpwa wangu tuanze upya, na tusitumie hata sentensi moja ya ile ya kwanza. Nilimwomba anitumie picha kama ilivyotoka kwenye simu, bila kupunguza ukubwa, ili tarehe na saa zilizohifadhiwa ndani yake zisipotee. WhatsApp huzifuta hizo ukituma kama picha ya kawaida, kwa hiyo aliituma kwa barua pepe. Nikaifungua kwenye kompyuta kubwa.

Ilikuwa picha nzuri kuliko alivyojua mwenyewe. Mashine iko katikati, skrini nyeusi tii, hata zile taa ndogo za mahali pa kuingiza kadi hazikuwaka. Kwenye kioo cha skrini unaona umbo la binti mwenyewe, koti na kofia ya sufu. Upande wa kulia juu kuna ubao wa treni unaowaka vizuri, na saa juu yake inaonyesha 05:52. Na pembeni mwa mashine, kwenye ukuta ule ule, limebandikwa bango la kuwaonya abiria kwamba asiye na tiketi atatozwa pauni 100. Bango la kutisha, jipya, halina hata kona iliyochanika, na hatua moja tu kando yake mashine iliyokufa.

Kaka alipoliona bango akasema tuseme halikuwepo, si kanuni zinataka mabango? Nilikataa. Lilikuwepo, linaonekana. Katika kazi hii nimejifunza kwamba hoja ya uongo hata iwe ndogo inazama na hoja ya kweli iliyofungwa nayo. Tulikuwa na hoja moja, ilitosha.

Barua yenyewe haikujaza hata ukurasa. Ilitaja stesheni aliyopanda, tarehe, saa, na treni aliyoipanda. Ikasema stesheni haina ofisi ya tiketi na ina mashine moja, na kwamba mashine hiyo ilikuwa haifanyi kazi kama picha iliyoambatanishwa inavyoonyesha. Ikasema kwenye treni hakupita mtu wa kuuza tiketi, na kwamba aliposhuka alimwendea mfanyakazi mwenyewe kabla hajaulizwa, akiomba kulipa. Ikazitaja kanuni za 2018 na ile hali inayokataza kutoza faini. Ikaomba kwamba ikiwa kampuni inadai mashine ilikuwa nzima, basi ilete rekodi za mashine hiyo za asubuhi hiyo. Ikasema kwamba yuko tayari kulipa nauli ya pauni 6 na peni 40 siku yoyote, kama alivyokuwa tayari tangu getini. Jina, namba ya notisi, basi.

Mpwa wangu aliuliza kama haitakuwa vizuri kuongeza mwishoni kwamba yeye ni mwanafunzi. Nikamuuliza, mwanafunzi ameingiaje? Mashine ingekuwa imezimika hata mbele ya tajiri. Umaskini haumo katika sababu zilizoorodheshwa mle, na ukiuandika unampa msomaji mahali pa kupumzisha macho badala ya kutazama picha. Alinyamaza, halafu akasema, "Sawa shangazi, tuiache hivyo." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ile ya kwanza aliyonipigia ilikuwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

Kuna jambo jingine lililonipa nguvu, na nililimtumia kaka alisome ili wajomba nao wakome. Agosti 2024, hakimu mkuu wa mahakama za mahakimu kule England aliamua kwamba kesi karibu 74,000 za makosa ya nauli za treni zilikuwa batili. Kampuni kadhaa za treni zilikuwa zikiwashtaki watu chini ya ile sheria ya 1889 kwa utaratibu wa mkato, ambapo hakimu mmoja anaamua kwa karatasi bila mshtakiwa kuwepo. Utaratibu huo upo na unaruhusiwa kwa makosa mengine, ila haukuruhusiwa kwa sheria ile. Hebu fikiria idadi hiyo. Elfu sabini na nne ni watu wengi kuliko wanaoweza kuketi katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mtu akipokea barua ya namna hiyo, akaona nembo, huamini kwamba aliyeandika anajua sheria. Na hao si wageni wa kutoka Muhoroni tu. Walikuwemo wenyeji, lugha ni yao, na bado walihukumiwa kwa njia isiyoruhusiwa na sheria. Ndiyo maana ule usemi wa mjomba kuhusu kushindana na Mzungu kwake haunishughulishi. Hao waliokuwa kwao walionewa vile vile.

Juni 2025 mamlaka inayosimamia reli huko ilitoa ripoti ikikubali kwamba mfumo wa tiketi umekuwa mgumu mno na kwamba watu wasio na nia mbaya wamekuwa wakiadhibiwa kwa makosa madogo. Nimeisoma. Nafurahi imeandikwa, ila haimsaidii mtu aliye na karatasi mkononi leo na siku zinakwenda.

Jibu la rufaa ya pili lilikuja kwa barua pepe. Lilikuwa fupi. Rufaa imekubaliwa, faini imefutwa, nauli ya kawaida inabaki kudaiwa. Mpwa wangu alilipa pauni 6 na peni 40 siku hiyo hiyo na akanitumia risiti. Hakuna aliyeeleza mashine ilikuwa na hitilafu gani wala ilikaa imezimika kwa muda gani. Hakuna aliyemwomba radhi. Hilo lilimuuma kuliko nilivyotarajia. Aliniambia kwamba mkaguzi alimwandikia mbele ya watu, foleni nzima ikitazama, na kwamba mama mmoja alimvuta mtoto wake pembeni. Barua pepe haifuti hilo. Nilimwambia ana haki ya kulalamikia namna alivyotendewa, mbali kabisa na rufaa ya faini, na kwamba akitaka nitakaa naye tuandike. Bado anafikiria. Simsukumi.

Kwa kaka, habari zilisambaa Muhoroni nzima kabla ya jioni, na sasa nina kazi nyingine. Jirani yake ana kijana huko huko Uingereza, naye amepigwa faini. Nimezungumza na kijana kwa simu. Yeye alikuwa na tiketi, amelipia kabisa, lakini ilikuwa tiketi ya bei nafuu iliyofungwa kwa treni moja maalumu, na yeye akapanda iliyotangulia kwa sababu alifika stesheni mapema. Mashine zilikuwa nzima, karani alikuwepo. Mzee wake alitaka nimwandikie ile ile barua ya mpwa wangu, nibadilishe jina tu.

Haiwezekani. Kesi yake ni nyingine na hoja yake ni dhaifu zaidi, nimemwambia bila kumficha. Kanuni zinaacha nafasi ya faini kufutwa ikiwa kuna sababu nzito katika hali ya mtu mwenyewe, na huko ndiko tutakakotafuta. Nimemuuliza kama kuna mfanyakazi yeyote jukwaani aliyemwambia anaweza kupanda, maana hiyo ingebadilisha kila kitu. Anasema yuko mmoja aliyeitazama tiketi yake akampungia mkono apite. Nimemwambia aandike leo, kabla hajasahau: saa ngapi, jukwaa gani, huyo mtu alivaa nini, alisimama wapi, alisema nini hasa. Bado ana siku 9 za kukata rufaa.